Upelelezi wa Kujitolea katika Kesi za Watu Waliotoweka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yanawahusu wale ambao wamesoma habari za mtu aliyetoweka, wakaona hazijitoshelezi, na usiku wa manane wakajikuta wakichora ramani na kupanga saa za matukio. Hayakuandikwa kuwakejeli wala kuwasifu. Majibu ni marefu pale ambapo makosa hujirudia sana, na mafupi pale ambapo hakuna mengi ya kusema.

Je, jambo hili lilianza na intaneti?

Hapana. Usiku wa Desemba 3, 1926, mwandishi wa riwaya za upelelezi Agatha Christie aliondoka nyumbani kwake, na kesho yake gari lake likakutwa limetelekezwa Newlands Corner, karibu na mji wa Guildford nchini Uingereza. Maelfu ya raia walijitokeza kupekua vichaka na mabwawa, huku magazeti yakichapisha dhana za kila namna: kwamba amejiua, kwamba ameuawa na mumewe, kwamba anatafuta umaarufu. Arthur Conan Doyle, aliyekuwa mwandishi mwenzake, alifikia hatua ya kumpelekea glavu ya Christie mtu aliyedai kuwasiliana na roho za wafu. Siku 11 baada ya kutoweka alipatikana mzima katika hoteli moja mjini Harrogate, mbali sana upande wa kaskazini, akiwa amejiandikisha kwa jina la Neele, ambalo lilikuwa jina la ukoo la mpenzi wa mumewe. Waliomtambua ni wanamuziki waliokuwa wakitumbuiza hotelini humo, ambao hawakuwa na nadharia yoyote bali walikuwa na macho na walikuwa mahali alipo. Mitandao ya kijamii imeongeza kasi ya dhana na umbali zinakofika, lakini dhana zenyewe ni zilezile za mwaka 1926.

Wapelelezi wa kujitolea wamewahi kufumbua kesi yoyote kweli?

Wamewahi, na si mara moja. Mfano ninaoupa uzito kuliko mingine ni wa Death Valley, jangwa la California, ambako watalii wanne kutoka Ujerumani, watu wazima wawili na watoto wawili, walitoweka Julai 1996, mwezi ambao joto la huko humuua mtu asiye na maji kwa muda mfupi. Gari walilokodi lilikutwa Oktoba mwaka huo katika korongo la Anvil, matairi matatu yakiwa hayana upepo, na msako mkubwa uliofuata haukuzaa chochote zaidi ya chupa ya bia iliyokuwa chini ya kichaka. Zikazuka dhana za utekaji, za magendo, na za watu walioamua kwenda kuanza maisha mapya. Miaka mingi baadaye Tom Mahood, aliyekuwa amejitolea katika kikosi cha uokoaji milimani, aliliweka swali upya. Hakuuliza ni nani aliyewadhuru. Aliuliza kwamba mtu mzima mwenye akili timamu, mgeni, mwenye watoto, ambaye gari lake limekwama na maji yanamwishia, akiitazama ramani aliyo nayo mkononi, angeelekea wapi? Ramani ilionyesha, upande wa kusini, mpaka wa kambi ya kijeshi ya China Lake; na kwa mtu aliyekulia Ulaya, mpaka wa kambi ya jeshi ni mahali penye uzio na askari wa doria, yaani mahali pa kupata msaada. Kumbe mpaka huo ni jangwa tupu. Waliosaka mwaka 1996 hawakuupa upande ule uzito kwa sababu mwenyeji yeyote anajua kwamba kusini hakuna kitu, na kosa lao lilikuwa kumfikiria mgeni kana kwamba ni mwenyeji. Novemba 2009 Mahood na mwenzake walikuta mifupa ya binadamu na kitambulisho cha mmoja wa waliopotea upande huohuo wa kusini, kilomita kadhaa kutoka gari lilipokuwa.

Mfano wa pili ni wa mwanamke aliyekutwa amekufa mwaka 1968 karibu na Georgetown, Kentucky, amefungwa ndani ya turubai, akazikwa bila jina. Todd Matthews, mfanyakazi wa kiwandani kutoka Tennessee, alimtafutia jina kwa miaka mingi hadi mwaka 1998 alipokuta kwenye intaneti tangazo la mtu aliyekuwa akimtafuta dada yake. Kaburi likafukuliwa, vipimo vya vinasaba vikathibitisha. Matthews baadaye alishiriki katika kujenga hifadhidata ya taifa ya Marekani ya watu waliopotea na maiti zisizotambuliwa, ijulikanayo kama NamUs. Mfano wa tatu ni wa maiti iliyokutwa ufukweni Somerton, Adelaide, Desemba 1, 1948, ambayo kwa zaidi ya miaka 70 ilihusishwa na ujasusi kwa sababu ya kipande cha karatasi mfukoni na maandishi yaliyodhaniwa kuwa ya siri. Mwaka 2022 Profesa Derek Abbott, ambaye fani yake ni uhandisi wa umeme, pamoja na mtaalamu wa nasaba Colleen Fitzpatrick, walitumia unywele ulionaswa katika sanamu ya plasta ya kichwa cha marehemu na kutangaza kuwa ni Carl Webb, fundi wa umeme kutoka Melbourne, aliyezaliwa mwaka 1905.

Ukiiweka mifano hii pamoja utaona kwamba waliofanikiwa waliuliza ama "yuko wapi?" ama "huyu ni nani?" Hakuna kati yao aliyeanza na "nani amefanya?" Tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila jibu linalofuata hapa chini.

Kama wanaweza kufanikiwa hivyo, kwa nini polisi huwaogopa?

Kwa sababu wengi huanza na swali lile la tatu. Baada ya mabomu ya mbio za Boston ya Aprili 2013, FBI ilipotoa picha za washukiwa, watu mtandaoni walizilinganisha na picha ya mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa amepotea tangu mwezi uliotangulia, wakakubaliana kuwa ni yeye. Familia yake, ambayo ilikuwa imefungua ukurasa wa kumtafuta mtoto wao, ikamiminiwa matusi mahali palepale ilipokuwa ikiomba msaada. Mwili wa kijana huyo ulikutwa mtoni Providence tarehe 23 Aprili, na hakuhusika na shambulio hilo kwa namna yoyote. Kinachotisha katika kisa hiki ni kwamba washiriki wengi walidhani wanasaidia.

Mwaka huohuo mwanafunzi mmoja kutoka Kanada alitoweka katika hoteli ya Cecil, Los Angeles, na mwili wake ukakutwa siku kadhaa baadaye katika tangi la maji juu ya paa. Nadharia ya mauaji ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya madai kwamba mfuniko wa tangi ulikutwa umefungwa, jambo ambalo mtu aliye ndani asingeweza kulifanya. Mfanyakazi wa hoteli aliyemkuta alieleza baadaye kwamba mfuniko ulikuwa wazi. Ofisi ya uchunguzi wa vifo iliamua kuwa ni kuzama kwa bahati mbaya, ugonjwa wa akili aliokuwa nao ukiwa umechangia. Wakati huo mwanamuziki mmoja aliyewahi kulala hotelini humo mwaka mmoja kabla alikuwa ameshatumiwa vitisho vya kuuawa, na sababu kubwa ilikuwa kwamba muziki wake ulizungumzia kifo.

Huko Lancashire, Uingereza, mwanzoni mwa mwaka 2023, mama mmoja alitoweka akiwa anamtembeza mbwa kando ya mto, na kijiji kikajaa watu wenye simu za kurekodi, wengine wakiingia katika majengo yasiyo yao, hadi polisi wakatumia amri za kuwaondoa. Mwili ulipatikana mtoni, chini zaidi kidogo kutoka alipoonekana mara ya mwisho, na uchunguzi ukaamua kuwa alizama kwa ajali. Haki itendeke hapa: tathmini ya taasisi ya mafunzo ya polisi iliyotolewa Novemba mwaka huo iliwalaumu polisi pia, kwa kuwaacha waandishi wa habari bila taarifa za kutosha, nao uvumi ukajaza nafasi hiyo. Mamlaka inayonyamaza kisha ikashangaa kusikia tetesi haina haki ya kumlaumu raia peke yake.

Nikitaka kuifuatilia kesi kwa uangalifu, nianzie wapi?

Anza na mtiririko wa saa, na kila tukio ulipe cheo kulingana na chanzo chake. Risiti ya benki si sawa na kamera ya usalama, kamera si sawa na shahidi, na shahidi aliyezungumza na polisi siku ileile si sawa na shahidi aliyejitokeza baada ya picha ya aliyepotea kutangazwa kila mahali. Mara sura ya mtu inapoenea, watu wema na wakweli kabisa huanza kumwona katika miji ambayo hakuwahi kufika. Kwa hiyo weka alama mbili tofauti: mahali alipothibitika kuwepo mara ya mwisho, na mahali aliposemekana kuonekana baada ya hapo. Nadharia nyingi mbaya huzaliwa pale alama hizi mbili zinapochanganywa.

Zichunguze saa zenyewe pia. Kamera za maduka mara nyingi huwa na saa iliyopotoka kwa dakika kadhaa, na katika nchi zinazobadilisha saa kwa majira huweza kupotoka kwa saa nzima. Baadhi ya kumbukumbu za kompyuta huandikwa kwa saa za kimataifa, si za mahali husika. Dakika nane "zisizoelezeka" zilizojengewa nadharia ya utekaji huenda ni dakika nane za saa mbovu ya ukutani.

Baada ya hapo rudi kwenye chanzo cha kwanza. Habari iliyopita kwenye podikasti tatu na video kumi hubadilika kila inaposimuliwa upya, na kauli kama "polisi walikataa kusema" mara nyingi asili yake ni "mwandishi hakupata jibu kabla ya gazeti kwenda mtamboni". Mfano mzuri wa kurudi kwenye chanzo ulitokea Julai 2017, filamu ya televisheni ilipodai kwamba picha ya zamani kutoka visiwa vya Marshall ilimwonyesha rubani Amelia Earhart, aliyetoweka Julai 2, 1937, akiwa hai mikononi mwa Wajapani. Mwanablogu mmoja wa Japani aliitafuta katika maktaba ya taifa ya nchi yake na kuikuta ndani ya kitabu cha safari kilichochapishwa mwaka 1935, miaka miwili kabla Earhart hajapotea. Wala hakuhitaji kusafiri.

Polisi walisema eneo fulani limeshatafutwa. Je, tunaweza kulifuta kwenye ramani?

Kamwe usilifute, lipunguzie uzito tu. Wataalamu wa uokoaji hutenganisha uwezekano wa mtu kuwa katika eneo na uwezekano wa kumwona hata kama yumo, na huo wa pili hautimii asilimia mia moja. Mtu aliyelala chini ya kichaka kizito, aliyejificha kwa hofu, au aliyezimia asijibu akiitwa, anaweza kupitwa kwa hatua chache na kundi zima la watafutaji. Ndiyo maana mabaki hukutwa mara nyingi mahali palipotafutwa, na mara hiyohiyo huzuka kelele kwamba mwili "ulipelekwa pale baadaye". Dai hilo linawezekana, lakini linahitaji ushahidi wake lenyewe. Kupatikana mahali palipotafutwa si ushahidi huo.

Ndege ya Air France namba 447, iliyoanguka katika bahari ya Atlantiki Juni 1, 2009 ikiwa na watu 228, inaonyesha jambo hili kwa kipimo kikubwa. Baada ya ajali, meli zilisikiliza milio ya vifaa vya visanduku vya kurekodi karibu na mahali ilipojulikana kuwa mara ya mwisho, zikasikia kimya, na eneo hilo likahesabiwa kuwa limetafutwa. Wanahisabati walipokokotoa upya, safari hii wakikubali kwamba vifaa vyenyewe huenda viliharibika, uzito ukarudi palepale katikati. Mabaki yalipatikana Aprili 2011, kiasi cha kilomita 12 tu kutoka mahali hapo.

Maji yanahitaji tahadhari ya pekee. Mwili huzama, kisha huweza kuibuka kadiri gesi zinavyojijenga ndani yake, na kasi ya jambo hilo hutegemea joto la maji. Katika maziwa baridi na yenye kina kirefu huenda usiibuke kabisa. Mto wenye mkondo hubadilisha jibu kila siku, na kwa hiyo sehemu iliyokuwa tupu jana haina dhamana leo. Siku hizi wako wapiga mbizi wa kujitolea wenye vyombo vya kutambua vitu chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, ambao wamekuta magari ya watu waliopotea, baadhi yakiwa yamekaa majini kwa miaka mingi. Ukipenda kutoa mchango wenye manufaa, huu ni mmoja ambao familia hushukuru bila kusita, ilimradi mamlaka ijulishwe kabla ya kugusa chochote.

Simu yake ilinaswa na mnara wa mahali fulani. Je, si ina maana alikuwa hapo?

Ina maana kwamba simu ilikuwa ndani ya eneo linalofikiwa na mnara huo. Katikati ya jiji eneo hilo linaweza kuwa mitaa michache. Mashambani mnara wa teknolojia ya GSM huweza kuhudumia hadi kilomita 35, na simu haichagui mnara ulio karibu kila mara, kwa sababu vilima, majengo na msongamano wa wateja huingilia kati. Vilevile simu si mtu. Kuzimika kwake huweza kuwa ni kuisha kwa chaji, kuingia majini, au kuzimwa na mkono wa mtu, na kumbukumbu za mtandao mara nyingi hazitofautishi. Mpelelezi wa kujitolea hana rekodi kamili hata siku moja. Ana sentensi moja ya rekodi iliyosomwa na mwandishi wa habari.

Nguo na viatu vilikutwa vimevuliwa. Hiyo si dalili ya uhalifu?

Si lazima. Mtu anayekufa kwa baridi hufikia hatua ambapo mishipa ya damu karibu na ngozi hulegea ghafla, akahisi anaungua, akaanza kujivua nguo. Wengine hujipenyeza mahali pembamba, chini ya gogo au katikati ya mawe, kabla ya kufa. Waokoaji wa milimani wanalijua jambo hili vizuri. Asiyelijua huona nguo zilizotapakaa na mwili uliofichwa, akaandika neno "mauaji".

Mume, au mzazi, alionekana mtulivu mno kwenye mahojiano. Je, hilo si la kuzingatia?

Si la kuzingatia. Watu wenye huzuni hulia, hucheka, huganda, husema maneno yasiyofaa, na huzungumza juu ya mpendwa wao kwa wakati uliopita bila kujitambua. Anayetazama video mara arobaini na kuipunguza kasi atapata anachokitafuta. Ni kweli kwamba polisi huwachunguza walio karibu na aliyepotea, lakini huwachunguza kwa rekodi za simu, za benki na za safari, na si kwa namna wanavyopepesa macho.

Picha za setilaiti na programu za akili bandia zinaweza kutusaidia?

Zinaweza, kwa kiasi kidogo kuliko watu wanavyotumaini. Rubani na tajiri Steve Fossett alipotoweka Nevada, Septemba 3, 2007, maelfu ya watu walijitolea kukagua picha za setilaiti kipande kwa kipande kwenye kompyuta zao, na hawakumpata. Mwaka mmoja baadaye mtu aliyekuwa akipanda milima karibu na Mammoth Lakes, California, aliokota vitambulisho vyake vya urubani, na siku chache baada ya hapo mabaki ya ndege yakaonekana. Kwa upande mwingine, mwaka 2019 gari la mtu aliyetoweka Florida mwaka 1997 lilionwa kwenye Google Earth, ndani ya bwawa la mtaa wa makazi, na ikabainika kwamba umbo lake lilikuwa likionekana katika picha hizo tangu mwaka 2007.

Tatizo la picha za aina hii ni kwamba jicho lenye hamu huona kilichotamaniwa. Januari 2024 kampuni moja ya utafutaji baharini ilitangaza picha ya sakafu ya Pasifiki yenye umbo la ndege, na ulimwengu ukasisimka kwamba Earhart amepatikana. Novemba mwaka huohuo ilibainika kuwa ni mwamba wa asili. Na hao walikuwa watu wenye vyombo vya gharama kubwa.

Kuhusu akili bandia, kuna matumizi moja ambayo hayapaswi kufanyika kabisa, nayo ni "kusafisha" sura yenye ukungu kutoka kwenye kamera ya usalama. Programu haifukui sura iliyokuwamo. Inabuni sura inayoelekea kufaa, na yeyote atakayefanana na sura hiyo ya kubuni atakuwa mshukiwa wa kompyuta. Programu hizi ni msaada mzuri zaidi katika kutafsiri magazeti ya zamani na kupanga nyaraka.

Vipi kama aliamua kutoweka kwa hiari yake?

Hutokea. John Stonehouse, mbunge wa Uingereza, aliacha nguo zake ufukweni Miami mnamo Novemba 20, 1974 ili aonekane amezama, akaenda Australia kwa hati za watu waliokufa. Mfanyakazi wa benki mjini Melbourne alitilia shaka namna alivyokuwa akihamisha fedha, polisi wakamfuatilia wakidhani ni Lord Lucan, kabaila wa Uingereza aliyetoweka mwezi huohuo baada ya mlezi wa watoto wake kuuawa, na walipomkamata wakamtazama mguu kutafuta kovu la Lucan. Walikuta mtu mwingine aliyepotea. Lucan mwenyewe "ameonekana" katika mabara kadhaa tangu wakati huo. Mwaka 2003 kitabu kizima kilidai alikuwa akiishi Goa, kikiwa na picha yake, na haukupita muda watu wakajitokeza kusema kwamba mwenye picha ni mwanamuziki wanayemfahamu.

Hata hivyo, dhana ya kujipoteza hupendwa kupita kiasi kwa sababu inamwacha mhusika hai. Kujificha kwa muda mrefu kunahitaji fedha, hati na ukimya, na watu wachache wana vyote vitatu. Na hata ikiwa ni kweli, mtu mzima asiyetafutwa kwa kosa lolote katika nchi nyingi ana haki ya kuondoka bila kueleza; polisi wakimkuta huwaambia ndugu kwamba yu hai na hawasemi alipo. Wapo wanaokimbia wenza wanaowapiga. Ukitangaza mtaa anaoishi mtu wa namna hiyo, hukufumbua fumbo, umemkabidhi kwa aliyekuwa akimkimbia.

Nina jina la mtu ninayemshuku. Nilitangaze?

Usilitangaze, hata kwa herufi za mwanzo, hata kwa kuuliza swali badala ya kutoa tuhuma, hata kama "kila mtu anajua". Sheria ya kashfa haiangalii kama ulilipwa. Baada ya mtoto wa Kiingereza kutoweka Praia da Luz, Ureno, Mei 2007, magazeti ya Uingereza, yenye mawakili wao, yalilazimika mwaka 2008 kuwalipa wazazi pauni 550,000 na mkazi mmoja wa eneo hilo pauni 600,000 kwa yale yaliyoandikwa. Mwaka 2024 mahakama ya Marekani iliamua kwamba mtu aliyemtuhumu profesa wa Idaho kwenye TikTok, kwa kutegemea karata za kubashiria, alikuwa amemkashifu.

Ulichonacho kipeleke kwa polisi wanaoshika jalada, na ukipeleke kwa namna inayosomeka. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: ulichokiona au ulichokikuta, wapi, lini, na kiungo au nakala ya chanzo, kisha, katika aya nyingine, unachodhani. Picha au video ipelekwe katika faili lake la asili, si picha ya skrini, kwa sababu faili la asili hubeba saa na mahali. Agosti 2021 familia iliyokuwa ikisafiri Wyoming kwa gari ilikuwa imejirekodi njiani. Walipoipitia video yao wiki kadhaa baadaye waliona gari la msichana aliyekuwa akitafutwa nchi nzima, na taarifa hiyo ikasaidia kuwaelekeza watafutaji kwenye mwili wake. Hawakuwa na nadharia. Walikuwa na video, na walijua pa kuipeleka.

Je, watu wanaodai kuona yaliyofichika kwa maono wanafaa kushirikishwa?

Hapana. Glavu ya Agatha Christie inatosha kwa swali hili.

Kwa nini kesi moja hupata maelfu ya wapelelezi na nyingine haipati hata mmoja?

Kwa sababu upelelezi wa kujitolea hufuata vyombo vya habari, na vyombo vya habari huchagua. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Gwen Ifill aliupa jina mwelekeo wa vituo vya Marekani kumlilia mwanamke mweupe aliyepotea na kuwanyamazia wengine. Wakati ulimwengu ukimtafuta msichana yule wa Wyoming, watu walikumbushwa ripoti iliyoonyesha kwamba katika jimbo hilohilo watu 710 wa jamii za wenyeji wa asili walikuwa wameripotiwa kupotea kati ya mwaka 2011 na 2020. Wengi wao walipatikana, lakini karibu hakuna aliyepigiwa kelele kama hizo.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye nafasi kubwa ya kazi. Kesi maarufu ina watu elfu wanaokanyaga nyayo zilezile, wakati hifadhidata za maiti zisizotambuliwa zina kurasa ambazo pengine hazijafunguliwa kwa miaka. Mei 2023 Interpol, kwa niaba ya polisi wa Ubelgiji, Ujerumani na Uholanzi, ilitangaza hadharani kesi za wanawake 22 waliokutwa wameuawa bila kujulikana ni akina nani, ikiomba watu watazame vito, nguo na michoro ya miilini. Kabla mwaka haujaisha mmoja wao, aliyeuawa Antwerp mwaka 1992, alitambuliwa na ndugu zake wa Uingereza kwa mchoro wa ua mkononi. Ufaransa, Italia na Hispania zikajiunga mwaka 2024. Aidha, shirika la Trace Labs la Kanada huendesha mashindano ambamo washiriki hutafuta taarifa za wazi kuhusu watu waliopotea na kuzikabidhi kwa polisi, kwa sharti kwamba hakuna anayeruhusiwa kumgusa mtu yeyote: haruhusiwi kupiga simu, kutuma ujumbe wala kuomba urafiki. Sharti hilo peke yake lingezuia nusu ya maafa yaliyotajwa hapo juu.

Inafaa kuwasiliana na familia?

Subiri wao ndio waombe. Kama wana msemaji au namba ya taarifa, tumia hiyo, mara moja, kwa jambo mahususi. Usiwatumie nadharia. Mama anayefungua ujumbe akitumaini habari za mwanawe hapaswi kukuta humo maelezo ya namna unavyodhani aliuawa.

Mwili umepatikana, na maelezo rasmi hayakubaliani na nadharia yetu. Tuendelee?

Jiulize kwanza kama nadharia yenu ilitabiri chochote kilichokutwa: mahali, hali ya mwili, vitu alivyokuwa navyo. Kama haikutabiri chochote, na sasa inahitaji mtu wa ziada, gari la ziada na polisi wa kuficha ukweli ili isimame, basi imekwisha. Wachunguzi rasmi hukosea, na zipo hukumu zilizobatilishwa; lakini pingamizi la maana hutaja kipimo fulani, ukurasa fulani wa ripoti, au shahidi fulani ambaye hakuhojiwa, na hupelekwa kwa ombi la uchunguzi kufunguliwa upya kupitia familia au wakili wake.

Kisha yapitie maandishi yako ya zamani. Jina la kila mtu uliyewahi kumgusia kama mshukiwa liondolewe, na mahali palepale pawekwe maelezo kwamba dhana hiyo haikuthibitika, kwa kuwa kimya hakifuti kilichokwishanakiliwa na wengine. Video yenye kichwa cha habari cha kutuhumu ibadilishwe kichwa au iondolewe hata kama bado inatazamwa na inaingiza fedha. Wale waliosambaza madai yako waandikiwe mmoja mmoja, na kama aliyetuhumiwa anajulikana, masahihisho hayo apelekewe kwa maandishi ili awe na kitu cha kumwonyesha mwajiri au jirani atakayemuuliza.